Vibanio Kwenye Kamba Nne

Nyumba ya dobi haikai kimya. Maji yanamwagwa. Karai linagonga ukuta. Huyu anaitisha sabuni, yule anaitisha mkaa. Ukipita nje unaweza kudhani wanagombana. Hawagombani. Wanafua.

Mwenye nyumba hiyo wateja walimwita Mzee Mkunjo. Hakuzaliwa na jina hilo. Alilipata kwa sababu kitu alichokichukia kuliko vyote duniani ni mkunjo. Akiona shati lenye mkunjo barabarani, alimsimamisha mwenye shati. Siku moja alimsimamisha askari polisi. Askari akatoa kalamu haraka, akidhani analetewa habari za mwizi.

"Hapana, afande," alisema Mzee Mkunjo. "Ni kola yako."

Mkewe alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Kazi aliifanya na watu watatu. Mwanawe wa kiume, Povu, alifua uani kuanzia asubuhi mpaka jua lizame. Dada yake mwenyewe, ambaye nyumba nzima ilimwita Shangazi, alikunja nguo na kutoa maneno makali bure. Na binti yake, ambaye wote walimwita Dada, alipiga pasi. Kwa sketi za marinda hakuwa na mpinzani. Rinda lake ungeweza kulitumia kama rula.

Dada alikuwa na mimba ya miezi sita. Mimba yake ya kwanza ilitoka. Hii ya pili aliibeba kama mtu aliyebeba maji kwenye sinia. Mume wake, dereva wa lori, alipiga simu mara tatu kwa siku kutoka safarini.

"Mko salama?" aliuliza kila mara.

"Tuko salama," Dada alijibu kila mara. Kisha alikata simu na kushika tumbo.

Sasa njoo tuingie chumba cha pasi. Angalia kichwa, mlango ni mfupi. Kina meza mbili ndefu, rundo la nguo hapa, rundo la nguo pale. Pembeni kuna jiko la mkaa, na juu ya meza kuna pasi tatu za mkaa. Pasi ya umeme ilikuwepo, lakini umeme wa mtaa huo ulikuwa kama mgeni mkubwa. Ukija unapigiwa makofi. Ukiondoka hauagi.

Chumba kina dirisha moja tu, na dirisha lenyewe limezibwa kwa gunia. Kwa nini? Kwa sababu upande wa pili wa ukuta kuna seremala. Msumeno wake ukilia, vumbi la mbao linaruka na kutua kwenye mashati meupe. Mzee Mkunjo alipiga kelele mwaka mzima. Alipochoka, akaziba dirisha. Mlangoni akatundika pazia zito la blanketi. Vumbi likakoma. Akajiona ameshinda vita.

Wiki ya tatu ya mvua, vichwa vikaanza kuuma.

Cha Dada kiliuma kama mtu anagonga msumari ndani. "Ni mimba tu," alisema. Shangazi aliona kizunguzungu. Akasema ni macho, akanunua miwani kwa mchuuzi wa barabarani.

"Imesaidia?" Povu alimuuliza.

"Imesaidia nini! Sasa kila rinda naliona mara mbili. Kazi imeongezeka."

Mzee Mkunjo naye kichefuchefu kilimpata kila alasiri. Yeye alimlaumu seremala. "Ni ile vanishi yake," alisema. "Anatuua polepole kwa harufu." Akanunua dawa za kutuliza maumivu, akazigawa kama peremende. Vichwa vilitulia saa mbili, kisha vikarudi.

Povu peke yake hakuumwa chochote. Aliimba, alifua, alikula sahani mbili.

"Wewe kichwa hakikuumi?" Mzee Mkunjo aliuliza.

"Hata kidogo, Baba."

"Kitamuuma nini?" alidakia Shangazi. "Nyumba tupu haiingii mwizi."

Watu wote wakacheka. Dada alicheka pia, kisha akashika paji la uso na kukaa chini.

Jumatano jioni mhudumu wa afya wa mtaa alikuja kuchukua sare yake. Mtaani walimwita Mama Daftari, kwa kuwa hakuenda popote bila daftari. Alifika mezani pa mbele, pale wateja wanapopokelewa. Alimkuta Dada amefunga kichwa kwa kitambaa, Shangazi ameegemea ukuta, na Mzee Mkunjo anameza kidonge.

"Jamani, hapa ni kwa dobi au ni wodini?" aliuliza.

"Tunaumwa, mama," alisema Mzee Mkunjo. "Lakini kila mtu na lake. Mimi vanishi, huyu macho, huyu mimba."

"Mnaumwa tangu lini?"

"Wiki mbili hivi."

"Wote?"

"Wote. Isipokuwa Povu. Yeye hana pa kuumwa."

Mama Daftari alivuta kiti. "Mzee wangu, watu watatu wa nyumba moja wakiumwa kichwa wiki ile ile, hayo si magonjwa matatu. Hilo ni swali moja. Mna homa? Kuna anayeharisha? Anayekohoa?"

Hakuna.

"Na hizo dawa zinasaidia?"

"Zinatuliza. Halafu kinarudi."

"Hebu nikuulize mambo ya kazi yako. Yule mwalimu uliyewahi kunisimulia, ambaye shati lake lilikuwa na doa la wino mfukoni. Ulilifua mara ngapi?"

Mzee Mkunjo alicheka. "Mara nne! Kila wiki doa lile lile, mfuko ule ule. Mara ya tano nikamwambia, mwalimu, tupa hiyo kalamu inayovuja."

"Kwa nini hukuendelea kufua tu?"

"Nifue mpaka lini? Si ningefua maisha yangu yote!"

"Basi wewe unaijua kazi yangu," alisema Mama Daftari. "Daktari anamtibu mtu aliyekwisha kuumwa. Hiyo ni kufua doa, na ni kazi ya lazima. Sisi wa afya ya jamii tunatafuta kalamu. Tunaangalia watu wengi kwa pamoja, tunauliza maswali matatu. Nani anaumwa? Anaumwa akiwa wapi? Anaumwa saa ngapi, siku gani? Tukiijua kalamu, tunaitoa mfukoni kabla shati la mwingine halijachafuka."

"Sasa tuandike?" aliuliza Dada.

Shangazi alikohoa. Hakuwahi kukaa darasani, na habari za kuandika zilimkera. Mama Daftari aliona. Akatupa macho uani, akaona kapu la vibanio vya kuanikia nguo. Vingine vya mti, vingine vya plastiki.

"Hatuandiki," alisema. "Fungeni kamba nne fupi pale ukutani uani. Kila mtu na yake. Kichwa kikianza kuuma ukiwa ndani, toka ukabane kibanio cha mti kwenye kamba yako. Kikianza ukiwa nje, bana cha plastiki. Ijumaa nitakuja kuzisoma. Na wewe Dada, kesho uende kliniki. Mjamzito hakai na kichwa kinachouma akikisia."

"Vibanio ndiyo dawa?" Mzee Mkunjo alinong'ona Mama Daftari alipoondoka.

"Afadhali hivyo," Shangazi akajibu. "Vidonge vyako nimekula mpaka naogopa kutikisika."

Alhamisi Dada alikwenda kliniki. Walimpima damu, wakapima presha, wakatafuta malaria. Kila kitu kilikuwa sawa. Alikaa kwenye benchi la nje saa tatu nzima, upepo unampiga. Aliporudi nyumbani kichwa kilikuwa chepesi kama pamba.

"Nimepona!" alisema. Akaingia chumba cha pasi saa nane mchana. Saa tisa kichwa kilikuwa ngoma. Akatoka, akabana kibanio cha mti.

Ijumaa jioni Mama Daftari alisimama mbele ya kamba nne. Familia nzima ilisimama nyuma yake, kama wanafunzi wanaosubiri matokeo. Kwenye kamba ya Shangazi kulikuwa na vibanio sita. Kwenye kamba ya Dada, vitano. Ya Mzee Mkunjo, ambaye alitoka mara kwa mara kupeleka nguo kwa wateja, viwili. Kwenye kamba ya Povu kulikuwa na soksi.

"Hii ni nini?"

"Soksi yangu," alisema Povu. "Niliona kamba haina kazi."

Mama Daftari hakucheka. "Angalieni vibanio vyenyewe. Vyote ni vya mti. Cha plastiki hakuna hata kimoja. Kwa hiyo vichwa vinaanza mkiwa ndani. Sasa, Povu anakula nini?"

"Chakula chetu," alisema Shangazi. "Na anakimaliza."

"Maji?"

"Yale yale."

"Analala wapi?"

"Humu humu."

"Basi si chakula, si maji, si kitanda. Na vanishi ya seremala anaivuta yeye kuliko nyote, maana yuko uani kutwa. Kuna kitu gani mnachokipata ninyi, ambacho Povu hakipati?"

"Kazi," alisema Shangazi.

Povu alifungua mdomo ajibu. Lakini Dada alitangulia, kwa sauti ndogo. "Chumba cha pasi."

Mama Daftari alikwenda moja kwa moja, akainua lile pazia la blanketi. Joto likampiga usoni. Aliona gunia dirishani. Aliona jiko pembeni, mkaa mwekundu umeiva vizuri. Uso wake ukabadilika.

"Litoeni jiko hili nje. Sasa hivi. Na hilo gunia livutwe."

"Lakini mama," alisema Mzee Mkunjo, "mkaa umeshaiva! Hauna moshi hata chembe. Mimi mkaa wenye moshi siingizi ndani, unanuka kwenye nguo."

"Moshi una adabu, mzee wangu. Unakuwasha macho, unakukohoza, unakimbia. Mkaa ukiiva unaendelea kutoa hewa nyingine yenye sumu. Inaitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi. Haina harufu. Haipigi hodi. Ukiivuta inaingia kwenye damu, inakalia kiti cha hewa safi. Kifua kinapanda na kushuka, lakini mwili unakosa hewa. Kwanza kichwa kinauma. Halafu kizunguzungu, kichefuchefu, miguu inalegea, usingizi mzito. Wengine hawaamki tena."

Povu akalibeba jiko nje, akarudi kuling'oa gunia.

"Na mtoto?" aliuliza Dada. Mikono yake yote miwili ilikuwa tumboni.

"Mtoto anapata hewa kupitia damu yako. Ukikosa wewe, anakosa yeye, tena anaumia haraka kuliko wewe. Kesho asubuhi rudi kliniki, uwaambie habari ya mkaa. Na chumbani humu usiingie."

"Nimesikia," alisema Mzee Mkunjo. "Kuanzia leo jiko nje."

Alisema kweli. Alimaanisha kila neno. Tatizo ni kwamba kesho yake ilinyesha.

Si manyunyu. Ilikuwa mvua ya kumwagwa kwa ndoo, na upepo juu yake. Shule ya bweni ilikuwa imeleta sare sabini, na gari lao lingekuja kuzichukua saa kumi. Thelathini zilikuwa hazijaguswa. Mwalimu mkuu alipiga simu saa tatu. Akapiga saa nne. Saa tano akapiga tena, akauliza kama yule wa saa nne alieleweka.

Mzee Mkunjo aliweka jiko kibarazani. Mvua ikaja imelala na upepo, ikalizima. Akaliwasha. Likazimika. Alikwenda mlangoni, akarudi. Aliangalia saa, akaangalia mbingu, akaangalia saa.

"Mvua ikipungua kidogo, naenda kliniki," alisema Dada.

"Ndiyo, mwanangu, ikipungua." Halafu akainama, akabeba jiko, akaingia nalo ndani.

"Baba! Mama Daftari alisema..."

"Mama Daftari hakusema kama mvua itanyesha. Ni nusu saa tu. Nitapiga mimi, wewe kaa huko huko." Upepo ulikuwa unaingiza maji dirishani, juu ya nguo safi. Akarudisha gunia. Mlangoni akateremsha pazia.

Ndani walikuwa yeye na Shangazi wa kukunja. Lakini Mzee Mkunjo, pamoja na sifa zake zote, marinda hayawezi. Sketi ya kwanza ilitoka imepinda kama barabara ya mlimani. Ya pili aliiunguza. Dada alisimama mlangoni, akaiona ile alama ya kahawia yenye umbo la pasi. Akavumilia ya tatu. Ya nne hakuweza.

"Lete hapa," alisema, akachukua pasi.

"Mwanangu, toka."

"Dakika kumi, Baba. Unaniumiza macho."

Mkunjo ulikuwa ugonjwa wa ukoo, kumbe.

Dakika kumi zikawa saa nzima. Mvua ililia juu ya bati. Simu ililia mezani. Hakuna aliyeishika. Dada alianza kupiga rinda lile lile mara mbili, mara tatu. Shangazi alihesabu sketi na kusahau, akahesabu upya. Kisha kichwa kikaanza kumuuma.

Sasa huyu Shangazi alikuwa na sifa moja. Akianza jambo, haliachi. Kwa siku mbili alizoea kutoka kila kichwa kikiuma. Akatoka. Alivuka uani kwenye mvua bila hata kujifunika. Povu, aliyekuwa amejibanza chini ya paa la bafu na nguo zake, alimwona akiyumba.

"Shangazi! Unakwenda wapi na mvua hii?"

"Kubana kibanio."

Alitafuta kwenye kapu. Alibana cha mti, kikaanguka. Akabana tena. Upepo wa baridi ulimpiga usoni, na akili ikarudi kidogo. Akaangalia kamba yake. Vibanio saba. Akaangalia kamba ya Dada. Bado vitano, na Dada hajatoka.

"Dada!" aliita. "Dada, toka! Toka huko!"

Hakuna aliyejibu.

Povu aliacha nguo chini kwenye tope. Alivuta pumzi moja ndefu, akaizuia kifuani, akaingia. Baba yake alikuwa amepiga magoti, ameshika meza, anajaribu kusimama na miguu inamkatalia. Dada alikuwa sakafuni, juu ya rundo la sketi. Povu alimbeba mpaka uani. Akavuta pumzi nyingine, akarudi, akamkokota baba yake. Mara ya tatu alirudi kwa ajili ya jiko, lakini Shangazi akamshika shati.

"Acha jiko liungulie mbali! Vuta pazia, fungua mlango, uondoke!"

Kelele zilimleta seremala. Aliruka ukuta na vumbi lake lote la mbao kichwani. Alirudi, akamwaga mbao zake barabarani, akaleta mkokoteni. Wakamlaza Dada juu yake, kwa ubavu, wakamlegezea nguo shingoni. Mzee Mkunjo aliyumba mpaka mezani pa mbele, akachukua rundo la sare zilizokwisha kupigwa pasi. Alikunja mashati meupe kumi, kumi nzima, akayaweka chini ya kichwa cha mwanawe. Mvua ikayanyeshea. Hakuyaangalia tena.

Seremala alivuta, Povu alisukuma.

Zahanati walimwekea Dada hewa safi ya oksijeni kwa kifuniko cha puani na mdomoni. Walimpa na Shangazi. Walimpa na Mzee Mkunjo, lakini hakutulia. Alikaa, akasimama. Alikwenda mwisho wa ukumbi, akarudi. Shati lake lilikuwa limeloa, limejikunja kuanzia kola mpaka pindo, na limejaa vumbi la mbao. Watu walimtazama.

"Baba," alisema Povu polepole. "Shati."

"Limefanya nini?"

Hapo ndipo Povu alipoogopa kweli.

Simu ya Dada ililia mfukoni mwa Shangazi. Ni mume wa Dada. "Mko salama?" Shangazi, mwanamke wa maneno elfu, aliiondoa simu sikioni. Akampa Mzee Mkunjo.

"Mwanangu," alisema Mzee Mkunjo, "hatuko salama. Na kosa ni langu. Subiri hapo, usikate."

Mkunga alitoka chumbani. "Ameamka," alisema. "Njooni msikilize."

Waliingia kwa kunyata. Dada aliwatazama juu ya kile kifuniko. Mkunga aliweka kipimo tumboni, akakisogeza huku, akakisogeza kule. Kimya. Mzee Mkunjo alishika ukingo wa kitanda. Mkunga akakisogeza tena, chini kidogo.

Tki-tki-tki-tki-tki. Kama cherehani ya mtu mwenye haraka.

"Huyo," alisema mkunga. "Lakini nitamweka mama hapa siku mbili, nimwangalie. Sitaki mjomba wala babu aniharakishe."

Mzee Mkunjo aliweka simu karibu na kile kipimo, dereva wa lori naye asikie. Huko mbali, kelele za injini zilizimwa.

Dada alivuta kifuniko pembeni. "Baba. Sketi... zilibaki ngapi?"

"Nyamaza," alisema Mzee Mkunjo, na machozi yakamtoka. "Nyamaza uvute hewa."

Jioni ile Mama Daftari alimkuta kwenye benchi la nje. Mzee Mkunjo hakumpa nafasi ya kusema.

"Uliniambia, nikasikia, nikafanya vingine. Nilisema nusu saa."

"Kwa nini?"

"Niliogopa doa kwenye jina langu."

"Doa linafuliwa, mzee wangu."

"Ndiyo. Mtu hafuliwi." Alimgeukia. "Lakini niambie ukweli. Mvua itanyesha tena. Sare zitakuja tena. Nikiogopa leo, kesho nitasahau. Nifanyeje?"

Mama Daftari alikaa kando yake. "Hilo ndilo swali zuri kuliko yote uliyoniuliza. Kumwambia mtu 'acha' hakutoshi. Lazima njia salama iwe rahisi kuliko njia ya hatari. Jiko lisizimwe na mvua, na dirisha lisilete vumbi. Hapo hutahitaji kukumbuka. Na hilo huliwezi peke yako. Nani ana mbao?"

Wote wawili waligeuka. Seremala alikuwa amelala kwenye mkokoteni wake, mdomo wazi.

Jumapili walijenga. Uani palisimama banda lenye paa pana la bati, ukuta mmoja tu upande wa upepo, na pande tatu wazi. Meza za pasi zikahamia huko, jiko pia, kwa sababu hata pasi yenyewe ina mkaa ndani, nayo inatoa hewa ile ile. Chumba cha zamani kikawa cha kuwekea nguo. Gunia la dirishani Povu alilifanya kitambaa cha kufutia miguu.

Na vumbi? Mzee Mkunjo na seremala walikaa chini kwa mara ya kwanza kwa mwaka mzima. Ilichukua muda mfupi kuliko ugomvi wao mmoja. Seremala alihamisha meza ya msumeno upande wa pili wa uwanja wake. Akakubali kupasua mbao asubuhi. Mzee Mkunjo akakubali kupiga pasi nguo nyeupe mchana.

"Mwaka mzima ulikuwa unanitukana ukutani," alisema seremala. "Kwa nini hukuja kuniomba?"

"Nilidhani ni vanishi yako inayoniua."

"Mimi nilidhani ni matusi yako yanayoniua mimi."

Sare za shule zilichelewa siku mbili. Mwalimu mkuu alikuja mwenyewe kufoka. Mama Daftari alimwonyesha zile kamba nne, akamweleza. Mwalimu mkuu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, kwa sauti iliyopungua, "Na mlinzi wetu wa usiku je? Akisikia baridi anaingiza jiko kibandani na kufunga mlango."

"Nipeleke kwake," alisema Mama Daftari, na daftari likafunguliwa.

Wiki hiyo alipita nyumba kwa nyumba, na Povu alimfuata na kapu la vibanio. Walimkuta mlinzi. Walimkuta kinyozi anayechemsha maji kwa mkaa nyuma ya pazia. Walikuta familia inayolala na jiko chumbani. Povu aliwauliza wote, kwa furaha kubwa, "Nani kichwa hakimuumi hapa? Huyo mwenye kichwa kitupu ndiye shahidi wetu."

Kamba nne zilibaki ukutani kwa Mzee Mkunjo. Wiki ya kwanza Shangazi alibana kibanio kimoja, cha plastiki. "Hiki ni cha miwani," alisema, akaitupa ile miwani. Wiki ya pili hakuna. Mwezi mzima hakuna. Dada alirudi kwenye marinda yake, bandani, upepo ukimpulizia shingoni. Kliniki hakukosa hata siku moja. Lakini kila usiku alihesabu mateke ya mtoto, na kila asubuhi Mzee Mkunjo aliuliza idadi.

Miezi mitatu ilipita hivyo, nusu pumzi nusu hofu.

Alizaliwa msichana, Jumanne asubuhi. Alilia mpaka mkunga akaziba sikio. Mzee Mkunjo alikuwa wa kwanza kuitwa. Aliingia amevaa shati lililonyooka kama karatasi. Akainama juu ya kile kifurushi kidogo. Aliona paji la uso lenye mistari, shingo iliyojikunja, vidole vyenye makunyanzi kama vilivyolowekwa tangu juzi. Mtoto mzima alikuwa mikunjo.

Chumba kizima kilimwangalia. Dada alikuwa anajizuia kucheka.

"Baba, usithubutu," alisema Povu kutoka mlangoni. "Pasi tumeiacha nyumbani."

Mzee Mkunjo alimwinua mjukuu wake, akamlaza kifuani, juu ya lile shati. Mtoto akalishika kwa ngumi, akalivuruga, akacheua juu yake.

"Mwacheni," alisema. "Anapumua."

Jioni, uani, Shangazi alivua zile kamba nne ukutani na kuziunga pamoja zikawa moja ndefu. Akachukua vibanio vya mti, vyote kumi na vinne vya siku zile. Akaanika nepi.